Kadi ya Mama Ipo, Nani Atamgeuza Usiku?

Barua zilizotufikia safari hii zimetoka zaidi Dodoma na Singida, na waandishi wake ni watu wanaouguza wazee au ndugu wenye ulemavu huku kipato chao kikiwa kidogo. Tumechagua nne, tukazifupisha na kuondoa majina.

SWALI: Mhariri, shikamoo. Ninamuuguza mama yangu hapa Chamwino. Alipata kiharusi mwaka jana, upande wa kulia umelegea na hawezi kujigeuza kitandani. Tunasikia kwamba wazee wanatibiwa bure, lakini kila tukimpeleka kituoni tunaandikiwa dawa za presha tukanunue dukani. Kaka yangu ni mwalimu wa shule ya serikali Kondoa, na mdogo wangu anafanya vibarua vya ujenzi mjini. Mama hana cheti cha kuzaliwa wala kitambulisho. Husema tu kwamba alizaliwa mwaka yalipokuja matrekta ya karanga Kongwa. Mimi niliacha genge langu la mboga ili nibaki naye. Je, upo mpango wa serikali unaolipia matibabu na pia kusaidia uangalizi wa nyumbani? Nianzie wapi?
Binti wa Chamwino

JIBU: Marahaba, binti yetu, na pole kwa kuuguza. Mpango mmoja unaofanya yote mawili haupo. Ipo mipango kadhaa, kila mmoja una ofisi yake na karatasi zake, na kazi ya kuiunganisha imekuangukia wewe bila mtu yeyote kukuambia kwamba umepewa kazi hiyo.

Tuanze na umri, kwa sababu ndio utakaoulizwa kwanza. Mradi wa karanga wa Waingereza ulianza Kongwa mwaka 1947 na kufutwa mwaka 1951. Kwa hiyo kauli ya mama yako, ambayo huenda karani akaicheka, inamweka kwenye umri unaopita miaka 70, mbali kabisa na 60 ambayo ndiyo mwanzo wa uzee kwa mujibu wa Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003. Nenda kwa mtendaji wa kijiji au mtaa wako pamoja na mzee mwingine wa rika lake anayeweza kuithibitisha kauli hiyo, uombe barua ya utambulisho inayotaja umri wa kukadiria, hali ya ugonjwa na hali ya kipato cha kaya. Ombi la kitambulisho cha taifa lianze sambamba na hilo, lakini usisubiri likamilike ndipo uende mbele, maana dawa ya presha haimsubiri mtu apigwe picha.

Barua hiyo ipeleke kwa afisa ustawi wa jamii. Halmashauri ina maafisa hao, na hospitali kubwa zina dawati lao. Yeye ndiye anayepima kama mgonjwa anastahili msamaha wa malipo, na Sera ya Afya ya mwaka 2007 inawataja wazee wasio na uwezo miongoni mwa wanaostahili. Wengi huenda moja kwa moja kwenye dirisha la dawa, wakabishana na mfamasia ambaye hana mamlaka ya kusamehe kitu, kisha wakarudi nyumbani wakiamini kwamba msamaha ni maneno ya jukwaani.

Sasa lile la kuandikiwa dawa za dukani. Msamaha unafuta malipo ya mgonjwa, lakini haujazi rafu za dawa. Kituo kinapomhudumia mzee wa msamaha, mara nyingi hakirudishiwi fedha kwa ajili yake, wakati mgonjwa mwenye kadi ya bima humpa mganga mfawidhi fomu ya madai ambayo baadaye hulipwa na mfuko. Ndiyo sababu tunawashauri wasomaji wetu, na tunajua wapo watakaokasirika, kwamba familia yenye uwezo wa kumtafutia mzee bima imtafutie, na msamaha ubaki kuwa kinga ya pale bima inapokwama.

Na familia yenu huenda inao uwezo huo tayari. Kaka yako ni mwalimu wa serikali, kwa hiyo ni mwanachama wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, unaopokea asilimia 6 ya mshahara wake, nusu kutoka kwake na nusu kutoka kwa mwajiri. Mwanachama wa aina yake huandikisha mwenzi wake na wategemezi wasiozidi wanne, na wategemezi si watoto peke yao: wazazi na wakwe wanaweza kuwemo. Muulize nafasi ngapi amezitumia. Kama ipo iliyobaki, cheti chake cha kuzaliwa chenye jina la mama ndicho kitakachothibitisha uhusiano. Kama watoto wameshazijaza zote, basi ni kikao cha familia, na wewe unayelala chumba kimoja na mgonjwa usikae kimya katika kikao hicho.

Ikishindikana, upo Mfuko wa Afya ya Jamii, ambao baada ya kuboreshwa mwaka 2018 ulitoza shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi 6 huku kwetu. Kadi yake ilianzia zahanati na kuishia hospitali ya rufaa ya mkoa, kwa hiyo aliyeandikiwa rufaa ya kwenda Hospitali ya Benjamin Mkapa alihitaji njia nyingine ya kulipa. Tunasema “ulitoza” kwa makusudi: Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwezi Novemba 2023, na utekelezaji wake unaubadilisha utaratibu huu kwa awamu. Kabla ya kutoa fedha, mwambie mwandikishaji akueleze ni skimu gani unayoingizwa, inafika hospitali ya ngazi gani, na kama kaya yenu inaweza kuombewa nafasi ya wasio na uwezo, kwa kuwa sheria hiyo imeweka mfuko wa kuwagharamia watu wa namna hiyo.

Hayo yote ni matibabu. Uangalizi wa nyumbani ni habari nyingine, na hapa tutakuwa wakweli kwako: hakuna kadi kati ya hizo inayokulipa wewe kwa kumgeuza mama usiku. Kinachowezekana ni kuipunguza kazi yenyewe na kuigawa. Mgonjwa asiyejigeuza anapaswa kubadilishwa ubavu takriban kila baada ya saa mbili, mto ukiwekwa katikati ya magoti na visigino vikiachwa vining’inie kidogo bila kugusa godoro. Asubuhi, unapomwosha, pitisha kiganja kwenye visigino, nyonga na mfupa wa chini ya kiuno. Kwa ngozi nyeusi usitegemee kuona wekundu. Tafuta mahali penye joto kuliko pengine, pagumu, au panapomfanya avute pumzi unapopagusa. Hapo ndipo kidonda kinapoanzia, na ukikiwahi kabla ngozi haijapasuka umewaokolea mama maumivu na familia gharama ambayo hakuna msamaha utakaoirudisha.

Uliza zahanati yenu ni nani mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayepita kitongoji chenu, umwombe aingize nyumba yenu katika mizunguko yake. Mkifika hospitali, ombeni mtaalamu wa mazoezi ya viungo akufundishe wewe namna ya kuunyoosha mkono na mguu wa mama, badala ya kumsafirisha mgonjwa juu ya bajaji kila wiki kwa zoezi la dakika chache.

Kuhusu TASAF: wilaya yenu, pamoja na Bahi na Kibaha, ndiko ulikojaribiwa mpango wa ruzuku kwa kaya maskini kabla haujaenea nchini. Katika majaribio hayo wazee walitakiwa kufika kliniki angalau mara moja kwa mwaka, na tathmini ilionyesha kwamba kaya zilizopata ruzuku zilitumia zaidi Mfuko wa Afya ya Jamii kulipia matibabu. Fedha ile haikutengwa kwa ajili ya mlezi, lakini kaya iliyomo kwenye orodha inaweza kulipia kadi bila kuuza mbuzi. Kama hamkuandikwa, ulizeni kwenye mkutano wa kijiji lini utambuzi utarudiwa.

Neno la mwisho kwako ni la fedha, na kaka zako walisome pia. Kaa chini ukokotoe genge lako lilikuwa linakuingizia kiasi gani kwa mwezi. Kiasi hicho ndicho mchango ambao umekuwa ukiutoa peke yako tangu mama aanguke, na ukitajwa kwa tarakimu mbele ya ndugu, mazungumzo hubadilika. Huyu alipe fedha, yule aje alale zamu za Jumamosi na Jumapili. Desturi ya kumwachia kila kitu binti aliye karibu imezoeleka mno kwetu, na kwa kweli haina hata sura ya kuwa desturi. Ni uvivu wa wengine uliopewa jina zuri.

SWALI: Mhariri, mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Area C. Shemeji yangu yuko Columbus, Ohio, na kazi yake ni kutunza wazee majumbani. Anasema wengi wa wazee wake wana kadi mbili, Medicare na Medicaid, na bado wanahangaika. Nilidhani nchi tajiri imeshamaliza mambo haya. Kadi mbili zinamhangaishaje mtu, na sisi tuna la kujifunza?
Mstaafu, Dodoma mjini

JIBU: Mzee wetu, shikamoo. Mipango hiyo miwili ilizaliwa siku moja, tarehe 30 Julai 1965, Rais Lyndon Johnson alipotia saini sheria moja iliyoibeba yote miwili, lakini haikukusudiwa kufanya kazi pamoja. Medicare ni ya serikali kuu na humhusu mwenye miaka 65 na kuendelea, awe tajiri au maskini, pamoja na mtu wa umri mdogo aliyepokea mafao ya ulemavu kwa miezi 24. Medicaid ni ya wenye kipato kidogo. Hugharamiwa na serikali kuu pamoja na jimbo, na kila jimbo lina masharti yake. Takriban Wamarekani milioni 12 wanazo zote mbili, na hao kwa kawaida ndio wagonjwa zaidi na maskini zaidi kuliko wenzao.

Ugumu unaingia hapa. Medicare hulipa hospitali, madaktari na dawa. Uangalizi wa muda mrefu, yaani kuogeshwa, kulishwa na kuvalishwa, si kazi yake. Hata kwenye makao ya uuguzi hulipia siku zisizozidi 100, tena kwa mgonjwa anayehitaji huduma ya kitaalamu baada ya kulazwa hospitali. Kinachobaki huangukia Medicaid. Sasa fikiria jimbo linamlipa mtu kama shemeji yako aende nyumbani kwa bibi kila asubuhi, na kwa uangalizi huo bibi haanguki wala halazwi. Aliyeokoa fedha ni Medicare, aliyetoa fedha ni Medicaid. Jimbo likipunguza saa za mtunzaji linaona nafuu kwenye vitabu vyake, na bibi akivunjika nyonga, ankara kubwa inakwenda kwa mwenzake. Hakuna aliyekusudia ubaya, ila kila mmoja ana sababu ya kusukuma mzigo ng’ambo ya pili, na bibi yuko katikati na karatasi za aina mbili, namba za simu za aina mbili na kanuni mbili za kukata rufaa.

Wamejaribu kurekebisha. Sheria ya mwaka 2010 iliunda ofisi ya serikali kuu ya kuiratibu mipango hiyo miwili. Lakini mfano tunaoupenda sisi ni wa zamani zaidi na ulianzia mtaani, katika eneo la Wachina la San Francisco, ambako miaka ya mwanzo ya 1970 taasisi ya On Lok ilianza kuwahudumia wazee wakiwa bado wanaishi kwao. Kutokana nayo ukakua mpango uitwao PACE, kwa watu wa miaka 55 na kuendelea ambao hali yao ingewastahilisha kuingia makao ya uuguzi. Fedha za Medicare na Medicaid huingia kwenye kapu moja, na timu moja hubeba dhamana yote: daktari, muuguzi, afisa ustawi wa jamii, mtaalamu wa mazoezi, mtunzaji wa nyumbani, na dereva. Ndiyo, dereva ni mjumbe kamili wa timu, na waliomweka walikuwa na akili, kwa sababu yeye ndiye anayeona kwamba bibi aliyepanda gari mwenyewe wiki iliyopita leo ameshikilia mlango kwa mikono miwili.

Usiwaonee wivu kwa kila kitu. Tangu mwaka 1993 majimbo yanatakiwa kujaribu kurejesha gharama za uangalizi wa muda mrefu kutoka kwenye mali aliyoiacha marehemu aliyehudumiwa na Medicaid akiwa na miaka 55 au zaidi, na mara nyingi mali yenyewe ni nyumba. Hebu pelekeni hoja hiyo kwenye kikao cha ukoo wowote hapa Ugogo mwone itakavyopokewa.

La kuiga si kadi, ni ile timu. Sisi tunao mganga mfawidhi, afisa ustawi wa jamii, mhudumu wa ngazi ya jamii na mtendaji, na kila mmoja ana daftari lake: orodha ya wazee wa msamaha huku, ya walengwa wa TASAF kule, ya wanachama wa mfuko mahali pengine. Kata inayoweza kuwakutanisha hao wanne kwa saa moja, madaftari yakiwa wazi mezani, haihitaji kusubiri bajeti mpya ili igundue kwamba jina la mjane fulani limo kwenye daftari moja na halimo kwenye mengine mawili.

SWALI: Tuna mdogo wetu wa miaka 34, hapa Kongwa, mwenye ulemavu wa akili na kifafa. Anatunzwa na mama yetu mwenye miaka 66, ambaye macho yake sasa yanamsumbua sana. Mwaka huu mdogo wetu ameungua mguu jikoni baada ya kuanguka. Tufanyeje, na mama asipokuwepo itakuwaje?
Ndugu wawili, Kongwa

JIBU: Kwanza tenganisheni mafaili. Mama anaombewa msamaha kwa umri na hali yake, na kijana anaombewa kwa ugonjwa sugu na kwa kutokuwa na uwezo. Kupata kwa mmoja hakumpi mwingine. Dawa za kifafa hazikatizwi ghafla hata siku moja, kwa hiyo anayekwenda kuzichukua aende kabla za nyumbani hazijaisha, na zikikosekana kituoni mwombe mganga aandike rufaa badala ya kuwaambia mrudi wiki ijayo.

Macho ya mama yashughulikieni mapema, kwa kuwa ndiyo ulinzi wa kijana huyo. Kongwa inajulikana kwa ugonjwa wa trakoma. Kope zikigeukia ndani hukwaruza jicho kila mama anapopepesa, na upasuaji mdogo wa kope unaweza kuzuia upofu. Mpelekeni akaguliwe, hata kama atasema ni vumbi tu. Na jikoni, inueni mafiga kutoka chini, au jengeni jiko la udongo lenye kuta, na kijana asiachwe peke yake karibu na moto wala kwenye ndoo kubwa ya maji.

Kuhusu siku za baadaye, msiliache jambo hilo hadi msibani. Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010, inatambua haki ya kijana huyo ya kupata huduma na kulindwa. Kubalianeni sasa ni nani atakayemchukua, myaandikishe makubaliano hayo mbele ya serikali ya kijiji na afisa ustawi wa jamii, kisha mlezi huyo aanze kukaa naye siku chache kila mwezi mama akiwa hai, ajifunze dawa zake, hofu zake na chakula anachokikataa. Fahamuni pia kwamba katika ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hukopesha bila riba, asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu. Afisa maendeleo ya jamii atawaeleza masharti.

SWALI: Jirani yetu ni babu anayeishi peke yake, hana mke wala mtoto, na siku hizi hapiki. Je, tunaweza kumpeleka makazi ya wazee? Na ni kweli kwamba Zanzibar wazee wanalipwa kila mwezi?
Majirani, Manyoni

JIBU: Ni kweli. Zanzibar ilianza pensheni jamii mwezi Aprili 2016 kwa kila mwenye miaka 70 na kuendelea, hata kama hakuwahi kuajiriwa. Ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi na baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Tanzania Bara haijawa na pensheni ya namna hiyo kwa wazee wote, na tunaona ni pengo lisilo na utetezi.

Makazi ya serikali yapo wilayani kwenu, Sukamahela, lakini yamekusudiwa mzee asiye na ndugu wala mtu wa kumtunza, na mlango wake ni ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri. Msimpakie babu kwenye gari mkamshushe getini. Nendeni wawili au watatu kwa mtendaji, mwambieni aandike taarifa, kisha afisa ustawi afike kumwona babu mahali anapoishi na kumuuliza yeye mwenyewe anataka nini, maana wapo wazee ambao wangechagua kubaki kwenye nyumba yao kama wangeletewa mlo mmoja wa moto kwa siku. Mkimwuliza hivyo akachagua kubaki, gawaneni siku za kupika. Wakati taarifa ikishughulikiwa, apelekwe zahanati, kwa sababu mzee anayeacha kupika ghafla huenda anaumwa, haoni, au amesahau kama amekula.